Ukiwafunza watoto nyumbani kwa vitendo, anza na usalama wa kitinda mimba

WAZAZI wengi huja kliniki na mtoto mmoja mgonjwa na wengine wawili wazima wanaong'ang'ania nguo. Aghalabu, baada ya dawa kuandikwa, swali linalofuata halihusu homa wala kikohozi. Huwa ni hili: "Daktari, shule zimefungwa. Nikimketisha huyu wa miaka 8 nimfunze, wa miaka 4 anataka kalamu yake, na huyu wa miaka 2 anararua daftari. Nifanyeje?"

Hilo ni swali la ualimu, lakini pia ni swali la afya. Kwanza, kazi anayoifanya mtoto mdogo kwa mikono yake ndiyo hujenga ubongo, misuli na lugha yake. Pili, baadhi ya ajali mbaya tunazoletewa sisi madaktari hutokea pale kitu kinachomfaa mtoto mkubwa kinapoachwa karibu na mdogo wake. Punje ya haragwe ni somo la hesabu kwa mtoto wa darasa la pili. Kwa mtoto wa miaka 2, punje hiyo hiyo yaweza kuziba pumzi.

Kabla ya kuendelea, nieleweke vyema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi humu nchini amwandikishe mtoto wake shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Kwa hivyo simshauri mtu yeyote amtoe mtoto shuleni. Nazungumzia saa zilizo mikononi mwako: miaka ya kabla ya chekechea, jioni, wikendi, na likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mwaka 2020 tulijifunza kwamba saa hizo zaweza kuwa nyingi kuliko tunavyodhani. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo nyumba iligeuka darasa, na mzazi akawa mwalimu apende asipende.

Mkono ni mwalimu wa ubongo

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake huwa na uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Anapofikisha miaka 2 huwa umefikia karibu asilimia 80, na akiwa na miaka 5 huwa umefikia karibu asilimia 90. Hakuna kiungo kingine kikubwa cha mwili kinachokua kwa kasi hiyo. Wakati huu chembe za ubongo huungana kwa mamilioni, na miunganisho inayotumiwa kila siku huimarika ilhali isiyotumiwa hufifia. Kushika, kumimina, kukanda, kupanga na kutaja majina ya vitu ndiko kuitumia huko. Wahenga hawakuwa na vyombo vya kupimia ubongo, lakini walijua kwamba udongo uwahi ungali maji.

Mmoja wa watu walioliona jambo hili mapema alikuwa daktari. Maria Montessori alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Italia kufanya hivyo. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Watoto hao walikuwa wa umri wa kabla ya shule ya msingi, wakubwa kwa wadogo katika chumba kimoja, na wazazi wao walikuwa kazini mchana kutwa. Montessori hakuanza na ubao na chaki. Aliwapa kazi halisi za nyumbani: kufagia, kupangusa vumbi, kunawa, kufunga vifungo. Aliona watoto wakitulia, na wadogo wakijifunza kwa kuwatazama wakubwa.

Nyanya zetu hawakuhitaji kwenda Roma ili kulijua hilo. Mtoto aliyechambua maharagwe kando ya bibi yake, aliyecheza bao au aliyetegewa vitendawili jioni, alikuwa darasani. Tofauti ni kwamba siku hizi wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja au viwili, bibi yuko mashambani, na simu ndiyo yaya.

Kazi moja, ngazi tatu

Kosa la kawaida ni kutaka kuandaa masomo matatu tofauti kwa watoto watatu. Utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Njia iliyo rahisi ni kuchukua kazi moja na kumpa kila mtoto sehemu anayoiweza. Hebu tuangalie mifano michache ambayo haihitaji kununua chochote.

Mchana wa kuchambua nafaka. Mtoto wa miaka 8 anapima kwa gorogoro au kikombe, anaandika hesabu kwenye daftari, kisha anakokotoa bei: ikiwa kilo moja ni shilingi kadhaa, nusu kilo je? Mtoto wa miaka 4 anatenganisha maharagwe mekundu na ya manjano, kisha anahesabu hadi 10. Wa miaka 2 hapewi punje hata moja. Yeye huketi upande wa pili wa mama akiwa na sufuria ndogo, vifuniko vyake na viazi vitano vizima, atie na kutoa, atie na kutoa. Mtajie: "Kimoja ndani. Kingine ndani. Kikubwa, kidogo."

Siku ya chapati. Mdogo anapewa donge la unga uliokandwa alifinye. Wa miaka 4 anatengeneza maumbo: mviringo, nyoka, herufi ya kwanza ya jina lake. Mkubwa anapima vikombe vya unga na maji, na chapati ikiiva anaikata nusu, robo na thumni. Hayo ndiyo mafungu ya hesabu yanayowasumbua watoto wengi darasani, na hapa anayala. Unga mbichi usiliwe, na wakati wa kupika wadogo wawe mbali na moto.

Siku ya kufua. Mdogo anatia nguo kwenye kapu. Wa pili anatafuta soksi zinazolingana na kuzipanga jozi jozi. Mkubwa anahesabu jozi kwa mbilimbili na kuanika nguo. Kubana vibanio vya nguo ni mazoezi mazuri kwa vidole vitakavyoshika kalamu.

Bustani ya mkebe. Pandeni maharagwe kwenye mkebe uliotobolewa chini. Mbegu huchipuka kwa takriban wiki moja, hivyo subira yao haitaisha. Mdogo humwagia maji kwa kikombe, wa kati huchora anachokiona, na mkubwa hupima urefu wa mche kwa rula kila baada ya siku mbili na kuandika tarehe. Muulize kwa nini mkebe uliowekwa gizani umetoa mche mrefu, mwembamba na wa manjano. Usimpe jibu haraka.

Kila mfano hapa una mambo matatu: kitu cha kushika, maneno ya kutaja, na kazi ambayo matokeo yake yanaonekana. Mtoto wa miaka 5 huweza kutulia kwenye shughuli moja kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Akiondoka baada ya muda huo, si mtukutu. Badilisha kazi.

Neno moja kuhusu mtoto mkubwa. Ni vizuri amwonyeshe mdogo wake, kwa maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Lakini usimgeuze yaya. Awe na nusu saa yake ya kusoma bila kusumbuliwa, wakati wadogo wamelala mchana. Na akina baba, kukanda unga na kuhesabu soksi si kazi ya mama peke yake.

Pima kila kitu kwa umri wa mdogo

Kanuni yangu ni fupi: kila kitu kilicho katika chumba kipimwe kwa umri wa mtoto mdogo kabisa aliyemo, hata kama somo si lake.

Hadi anapofikisha miaka 3, mtoto hupeleka kila kitu mdomoni. Ndivyo anavyochunguza ulimwengu. Koo lake ni jembamba na magego ya kutafunia hayajakamilika. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya shashi inapoisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake chaweza kumsakama mtoto huyo: maharagwe, mahindi, shanga, gololi, vifuniko vya soda, sarafu, vipande vya krayoni. Njugu karanga nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5. Puto lililopasuka liokotwe papo hapo.

Hatari zaidi ni zile betri ndogo za mviringo kama kitufe, zilizo ndani ya saa, vidude vya kuwashia televisheni na vichezeo vinavyotoa sauti. Ikikwama kooni, betri hiyo huchoma umio kwa muda wa saa 2 tu. Ukishuku mtoto ameimeza, usingoje itoke na choo. Mpeleke hospitalini mara moja.

Maji nayo hayahitaji kuwa mengi. Mchezo wa kutazama nini kinaelea na nini kinazama huwafurahisha watoto wote, lakini mtoto mdogo huweza kufa maji katika sentimita chache tu za maji ndani ya beseni. Usiondoke hata kufungua mlango. Mchezo ukiisha, mwaga maji na uinamishe beseni.

Mafuta taa, dawa ya kusafishia nguo na dawa ya panya visiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto uliyemfunza leo kumimina kutoka chupa hadi kikombe, kesho atajaribu kwa chupa yoyote aionayo. Usimlaumu. Amefuata somo lako. Ondoa chupa.

Ajali ikitokea

Kata ukurasa huu uubandike jikoni, na uhakikishe anayekulelea watoto ameusoma.

Mtoto akisakamwa lakini bado anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe na usiondoke kando yake. Ikiwa hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, chukua hatua mara moja na umwambie mtu aite msaada. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze na umkandamize katikati ya kifua mara 5. Aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe mbele umpige mgongoni mara 5. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, na uivute kwa ndani ukielekea juu mara 5. Rudia hadi kitu kitoke. Usitumbukize kidole kooni ikiwa hukioni kitu chenyewe, kwani utakisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na akimbizwe hospitalini huku ukiendelea.

Akitia haragwe puani au sikioni, usichokoe kwa pini wala kijiti. Usitie maji pia, kwa sababu haragwe hufura. Mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Akinywa mafuta taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mafuta hayo hudhuru mapafu zaidi kuliko tumbo, na akitapika huingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi na umpeleke hospitalini na chupa aliyoinywa.

Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji baridi ya mfereji, au ya jagi ikiwa mfereji hauna maji, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia. Funika kwa kitambaa safi, kisha umpeleke kwa daktari.

Meza hukuonyesha yaliyofichika

Kuna faida nyingine ya kuketi na watoto ambayo wazazi wachache huifikiria. Mimi humwona mtoto wako kwa dakika chache, tena akiwa na homa na akiniogopa. Wewe unamwona akifanya kazi. Mambo fulani utayagundua wewe kabla yangu.

Kwa kawaida mtoto huokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada anapokaribia mwaka mmoja. Akiwa na miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Kufikia miaka 3 huweza kuchora duara akionyeshwa. Akiwa na miaka 4 hushika krayoni kwa vidole badala ya ngumi. Akiwa na miaka 5 huhesabu hadi 10 na kufunga baadhi ya vifungo. Watoto hutofautiana, na kuchelewa kidogo katika jambo moja si ugonjwa. Lakini mlete apimwe ukiona haya:

Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, na mwingine ameukunja. Huenda mkono huo una udhaifu.

Hageuki unapomwita kutoka nyuma, au humwona akitazama midomo yako kila unaposema. Huenda hasikii vizuri, hasa ikiwa amewahi kutokwa na usaha masikioni.

Anasogeza kitabu hadi puani, au anainamisha kichwa upande mmoja ili aone.

Amepoteza ujuzi aliokuwa nao. Mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akanyamaza, au aliyetembea kisha akaacha, asingojewe hata wiki moja.

Anakula udongo, chaki au mkaa kila mara. Wengi hudhani ni utundu tu, lakini huenda ana upungufu wa damu. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma huchoka upesi na hushindwa kumakinika, na wazazi humwita mvivu. Kipimo cha damu ni rahisi. Maharagwe, ndengu, mboga za majani, nyama au omena, pamoja na tunda lenye vitamini C kama chungwa, humsaidia.

Nimewahi kumpima msichana wa miaka 5 aliyeletwa kwa sababu ya kikohozi. Alipokuwa akitoka, mama yake alisema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kila wanapochambua mchele mtoto huyu huacha mawe ambayo kaka yake mdogo huyaona. Tulimpima macho, na ikabainika hakuwa akiona vizuri. Alihitaji miwani. Sinia ya mchele ndiyo iliyomfichua, mwaka mmoja kabla ya ubao wa Gredi ya 1.

Mikono safi, mwili unaocheza

Anayefanya kazi kwa mikono huchafua mikono. Acha wachimbe na wafinyange, kisha wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa sekunde 20, hasa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mayai ya minyoo hukaa udongoni na kuingia mwilini kupitia kucha chafu. Kata kucha kila wiki, na uulize kituo cha afya kuhusu dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka mmoja.

Isitoshe, kufunza nyumbani si kumfunga mtoto kitini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 ajishughulishe kwa mwili kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, angalau 60 kati ya hizo akikimbia na kuruka, na alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kuhusu televisheni na simu, ushauri ulikuwa kwamba wa chini ya miaka 2 asitazame kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kuruka kamba huku mkihesabu kwa mbilimbili ni hesabu na mazoezi kwa wakati mmoja.

Msomaji, usiandae ratiba ya siku nzima. Chagua kazi moja ambayo ungeifanya leo hata kama watoto hawangekuwepo. Kabla ya kuwaita, piga goti hadi macho yako yafikie kimo cha mtoto mdogo, utazame sakafuni na chini ya meza. Okota kila anachoweza kukifikia ambacho hakimfai. Kisha waite wote watatu, mnawe mikono, mwanze kwa dakika 20.